Kikombe Kikishabanduliwa Mgongoni

Ukifungua kamusi ya Kiswahili ukatafuta neno chuku, utakuta kwanza ni pembe ya kuumikia, ile inayobandikwa mwilini ili ivute damu. Shuka kidogo, utaambiwa kwamba kupiga chuku ni kueleza jambo kwa kulitia chumvi. Maana hizo mbili zimekaa jirani, na mazungumzo yetu ya leo yanapita katikati yake: pembe inamfanyia nini hasa mtu mwenye maumivu ya mgongo, shingo au bega, na ni wapi maelezo yanapoanza kuizidi pembe yenyewe. Nauliza kwa sababu kuumika kumerudi kwa nguvu. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kuna vituo vya hijama, jina la Kiarabu la kuumika, mitaani, na wako wataalamu wa fiziotherapia wanaoweka vikombe kwenye kabati moja na mipira ya mazoezi. Msimamo wangu nautaja mapema ili unipime nao. Kikombe kinaweza kupunguza maumivu kwa muda mfupi, na muda huo mfupi una thamani kubwa iwapo tu utatumika kumrudisha mtu kwenye kujongea. Mgonjwa akibandikwa vikombe, akavaa shati, akaenda zake kungoja maumivu yarudi ili abandikwe tena, kazi aliyoijia haijafanyika.

Tuanze na kazi yenyewe, maana haijabadilika sana. Muumishi wa zamani alikuwa na pembe ya ng'ombe au ya mbuzi, mdomo wake umesuguliwa ukawa laini, na kwenye ncha pametobolewa tundu dogo. Aliibandika penye maumivu, akafyonza hewa kwa kinywa kupitia lile tundu, kisha akaliziba kwa kipande cha nta kilichokuwa mdomoni tayari, akikisukuma kwa ulimi bila kuiachia hewa irudi. Ngozi inainuka ndani ya pembe kama andazi linavyoumuka. Leo kikombe cha kioo kinapitishiwa moto wa pamba iliyolowekwa spiriti. Hewa ya ndani inapata joto, kikombe kinabandikwa upesi, hewa inapoa na kusinyaa, na ngozi inavutwa juu. Kile cha plastiki kina vali na pampu ya mkono, na cha silikoni kinabinywa tu na kuachiwa. Wataalamu wa viungo mara nyingi hupaka mafuta kwanza, wakakiburuta kikombe taratibu kufuata msuli, ikawa ni kukanda kwa kuvuta badala ya kukandamiza. Hiyo ni hijama kavu. Ipo na hijama ya damu, ambayo ngozi huchanjwa kwa wembe mchanjo mwembamba, kikombe kikarudishwa pale pale, damu ikajikusanya ndani yake. Mwenye kusema habari ya moja asiichanganye na nyingine, kwa sababu hatari zake hazilingani hata kidogo.

Wala tiba hii si ya taifa moja. Ilijulikana kwa Wagiriki wa zama za tabibu Hippocrates, kwa Wachina, na kwa matabibu wa dunia ya Kiislamu. Hospitali za Ulaya ziliendelea nayo hadi karne ya ishirini: mwaka 1929 mwandishi Mwingereza George Orwell, akiugua nimonia, alibandikwa vikombe katika hospitali ya umma mjini Paris, na baadaye akayaandika aliyoyaona humo. Kisha ikafifia sehemu nyingi za huko, hadi Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, muogeleaji Michael Phelps wa Marekani alipopanda kwenye kidaraja cha kurukia akiwa na duara za zambarau mabegani. Dunia nzima ikauliza zile ni alama za nini. Lakini ushindi wa Phelps hauthibitishi kikombe. Mtu yule alikuwa ameshakusanya medali nyingi za dhahabu kabla ya zile duara kuonekana, na nyuma yake walikuwapo makocha, wakandaji, wapishi na saa zisizohesabika ndani ya maji. Mwanariadha wa kiwango hicho hujaribu kila kitu kinachoweza kumpunguzia uchovu kati ya shindano na shindano, na tukikichukua kimoja kati ya vingi tukakivika taji, tutakuwa tumepiga chuku kwa ile maana ya pili.

Sasa ile duara ya zambarau ni nini? Mvuto wa kikombe huinua ngozi na nyama laini iliyo chini yake. Vishipa vyembamba vya damu, vile vilivyo vyembamba kuliko unywele, hujaa, na baadhi hupasuka. Damu inavuja kidogo chini ya ngozi. Ni vilio la damu, kama lile analolipata mtu aliyejigonga kwenye kona ya meza, na mwili hulisafisha wenyewe kwa siku chache, pengine wiki moja au mbili. Wapo wanaosoma rangi ile kama ramani: palipokoza wanasema ndipo penye sumu nyingi, palipofifia pana afya. Hilo si kweli. Rangi inategemea nguvu ya mvuto, muda ambao kikombe kilikaa, na wepesi wa vishipa vya mtu huyo. Na kile kibonge cheusi kama ini kinachobaki ndani ya kikombe cha hijama ya damu, ambacho mgonjwa huonyeshwa na kuambiwa hii ndiyo damu chafu iliyokuwa inakuumiza, ni damu yake ya kawaida iliyoganda. Damu ikitoka kwenye vishipa vidogo, imeshaacha sehemu ya oksijeni yake, ikikaa ndani ya kikombe huganda na kuwa nyeusi. Ya mtu mzima wa afya nayo ingefanya vivyo hivyo. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, saa ishirini na nne, na mgongoni hakuna ghala ambamo uchafu huwekwa ukingoja wembe. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu mgonjwa akishaamini kwamba maumivu yake ni uchafu uliotuama, ataamini pia kwamba yeye hana la kufanya isipokuwa kungoja mtu mwingine auchote.

Na bado watu wengi hushuka kwenye kitanda cha kuumikwa wakiwa na nafuu. Nafuu ile si ya uongo, na ina maelezo yasiyohitaji sumu. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba habari za maumivu hazipandi kwenda kwenye ubongo kama maji kwenye bomba. Ndani ya uti wa mgongo ziko neva zinazoweza kuzipunguza njiani, hasa zinapokutana na habari nyingine za mguso na mkandamizo kutoka sehemu hiyo hiyo. Ndiyo maana mtoto akijigonga goti hulisugua. Kikombe kinachovuta ngozi kwa dakika kumi kinatuma habari nyingi za namna hiyo. Ongeza na mengine: mgonjwa amelala, chumba kimetulia, kuna mtu aliyemsikiliza akamgusa penye maumivu, msuli uliokuwa umekakamaa umelegea, na moyoni ana matumaini. Yote hayo ubongo huyahesabu unapoamua kiasi cha maumivu ya kumsikiza mwenye mwili.

Swali basi ni nafuu hiyo ni kubwa kiasi gani, na inakaa muda gani. Hapa tafiti zipo, na hazikubaliani na washabiki wala na wapinzani wakali. Mwaka 2012 watafiti wa China walikusanya majaribio 135 ya kuumika yaliyolinganisha wagonjwa kwa bahati nasibu. Walikuta dalili za faida katika maradhi kadhaa, maumivu ya pingili za shingo yakiwemo, ila walikiri kwamba mengi ya majaribio hayo yaliendeshwa kwa udhaifu. Ujerumani, jaribio lililotangazwa mwaka 2009 liliwapima watu 52 wenye ganzi na maumivu ya kiganja yatokanayo na neva kubanwa kwenye kifundo cha mkono. Nusu waliumikwa mara moja kwa hijama ya damu, tena begani, si mkononi. Nusu walipewa joto. Baada ya siku saba walioumikwa walikuwa na nafuu zaidi. Ni matokeo ya kutia moyo, na siyafichi. Ila kila mgonjwa alijua alichofanyiwa, na kipimo kikuu kilichukuliwa baada ya wiki moja.

Tatizo hilo la kujua ndilo lililowatesa watafiti kwa miaka. Kidonge unaweza kukitengenezea pacha wa unga mtupu, lakini kikombe utakiigizaje? Wataalamu wa fiziotherapia wa Brazil walipata njia. Katika jaribio lao lililochapishwa mwaka 2021, watu 90 wenye maumivu sugu ya kiuno waligawanywa makundi mawili. Wote walilala, wote walibandikwa vikombe kwa dakika kumi, mara moja kwa wiki, wiki nane. Tofauti ilikuwa moja tu: vikombe vya kundi la pili vilitobolewa vitundu visivyofika milimita mbili, hivyo mvuto ulikuwepo kwa takribani sekunde nne, kisha hewa ikaingia polepole na kikombe kikabaki kimekaa tu. Mgonjwa alisikia kuvutwa, akaamini. Mwisho wa wiki nane, vikombe vizima havikuvishinda vile vyenye matundu kwa tofauti ya maana, si katika maumivu wala katika uwezo wa kufanya kazi. Mwaka 2016 Wajerumani nao walikuwa wametoa jaribio la watu 141 wenye fibromialgia, ule ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima. Walioumikwa walipata nafuu kuliko walioendelea na matibabu yao ya kawaida, lakini hawakuwapita walioumikwa kwa vikombe vya kuigiza. Na katika jaribio jingine la huko huko, watu 61 wenye maumivu sugu ya shingo walitibiwa nyumbani kwa wiki kumi na mbili: wengine walikandwa kwa kikombe na mwenzi aliyefundishwa, wengine walifanya peke yao mazoezi ya kukaza na kulegeza misuli. Mwishoni makundi yote mawili yalikuwa sawa kwa maumivu. Fikiria jambo hilo kidogo. Kitu ambacho mtu anaweza kukifanya mwenyewe, amelala mkekani, kilifika pale pale kilipofika kikombe.

Najua kuna msikilizaji anayesema: hizo ni hesabu za wazungu, mimi kiuno changu kilikuwa hakinyanyuki, nimeumikwa Ijumaa, Jumatatu niko kazini. Ushuhuda huo sitaudharau, ila naomba tuutazame kwa makini. Maumivu mapya ya kiuno, yale yasiyo na ugonjwa mzito nyuma yake, kwa watu wengi hupungua sana ndani ya wiki sita hata bila tiba yoyote. Na maumivu sugu nayo huja kama mawimbi, hupanda yakashuka. Mtu haendi kuumikwa siku wimbi limeshuka. Anakwenda limefika juu kabisa, ameshajaribu vidonge, hakulala usiku. Kutoka juu kabisa njia iliyobaki ni ya kushuka, na yeyote aliyesimama kando wakati ule, awe muumishi, muuza dawa au jirani aliyeleta majani ya kuchemsha, hupewa shukrani. Ndiyo sababu tunahitaji kundi la kulinganisha. Bila hilo hakuna anayeweza kutenganisha kilicholetwa na kikombe na kilicholetwa na siku tatu za kupita.

Mwingine atauliza swali zuri zaidi: ikiwa vikombe vya kuigiza na vya kweli vyote vinaleta nafuu, kwa nini tuvikatae? Nafuu si nafuu? Nami najibu kwamba sivikatai. Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mfikirie fundi cherehani aliyeinama juu ya mashine miaka kumi na tano. Kiuno kimemkamata. Kwanza anaacha kubeba ndoo, kisha anaacha kuinama kuokota uzi, kisha hata kuswali anaswali ameketi. Kila alichokiacha kimeacha msuli mmoja bila kazi, na msuli usio na kazi hudhoofu, na kiuno kilichodhoofu huuma kwa mzigo mdogo zaidi. Juu ya hapo kuna woga: amekwishaamini kwamba akiinama kitu kitakatika. Mtu huyu ukimwambia fanya mazoezi siku maumivu yako juu, atakuona humwelewi. Lakini akibandikwa vikombe vinne kiunoni, akakaa dakika kumi, maumivu yakashuka kidogo, hiyo ndiyo saa ya kumwambia: kabla hujavaa shati, lala chali, kunja magoti, nyayo ziguse kitanda, inua nyonga taratibu, hesabu hadi tano, shusha. Atashangaa kwamba imewezekana. Kesho yake arudie nyumbani mara kumi. Wiki ijayo ainame akiwa ameshika kiti, kisha bila kiti. Kikombe hapo kimefanya kazi ya maana: kimemfungulia mtu mlango wa siku mbili tatu, na mtaalamu amempitisha. Kikombe kile kile bila zoezi hufungua mlango ambao hakuna anayepita, na baada ya siku chache unajifunga.

Tusiyapambe mazoezi nayo. Mwaka 2021 mapitio makubwa ya mtandao wa watafiti wa Cochrane yalikusanya majaribio 249 ya mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno. Ukilinganisha na kutotibiwa, matibabu ya kawaida au tiba ya kuigiza, mazoezi yalipunguza maumivu kwa takribani alama 15 katika kipimo cha alama 100. Si muujiza. Mtu aliyekuwa kwenye 60 anafika 45, bado anaumwa. Lakini alama hizo anazipata kwa kitu ambacho ni chake, kisichohitaji kurudi kwa mtu, na kinachomwongezea pumzi, nguvu za miguu na usingizi njiani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Desemba 2023 juu ya maumivu sugu ya kiuno, limeyaweka mazoezi na elimu kwa mgonjwa miongoni mwa mambo ya kupewa watu. Na watu wenyewe ni wengi mno: mwaka 2020 walikadiriwa kufika milioni 619 duniani kote wenye maumivu ya kiuno, na hakuna maradhi mengine yanayowaweka watu wengi hivyo nje ya shughuli zao. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kutibiwa kwa tiba inayohitaji mikono ya mtu mwingine kila Ijumaa.

Mwongozo huo huo una maneno ambayo baadhi ya wataalamu wetu hawatayapenda. Umeshauri kutotumia, kwa maumivu hayo sugu ya kiuno, mashine za mawimbi ya sauti, kuvuta uti wa mgongo kwa uzito, mikanda ya kiuno na vifaa vya umeme mdogo unaopitishwa kwenye ngozi. Hivyo ni vyombo vinavyopatikana katika vyumba vingi vya fiziotherapia, vinang'aa, vina taa na namba, na mgonjwa hulipia. Mtaalamu anayemcheka muumishi wa pembe huku akimlaza mgonjwa chini ya mashine nusu saa, kisha akamruhusu bila kumfundisha zoezi hata moja, ametofautiana naye kwa koti jeupe tu. Nimesema kikombe peke yake hakitoshi. Kwa haki ile ile, mashine peke yake haitoshi. Mgonjwa ana haki ya kuulizwa anafanya kazi gani, anakaaje, analala vipi, anaogopa nini, na ya kuondoka akiwa na kitu cha kufanya.

Liko suala la dini, na nitalisema kwa heshima inayostahili. Kwa Mwislamu hijama si tiba tu; imetajwa katika hadithi sahihi za Mtume, na imepokewa kwamba yeye mwenyewe aliumikwa na akamlipa muumishi wake, Abu Taiba. Anayeifanya kwa nia hiyo ana jambo ambalo majaribio ya hospitali hayalipimi wala hayalifuti. Ila kuiheshimu sunna hakumlazimishi mtu kumwamini kila mwenye kibao cha hijama barabarani anayeahidi kuponya kisukari, ugumba, presha na saratani kwa kikao kimoja. Matabibu wakubwa wa ustaarabu huo, Ibn Sina akiwa mmoja wao, waliandika kwa uangalifu nani aumikwe, nani asiumikwe, wakati gani na mahali gani mwilini. Wao waliichukulia kuwa elimu yenye mipaka. Anayeivua mipaka hiyo leo ili apate wateja hawatendei haki wao wala sunna yenyewe.

Mipaka mikubwa kuliko yote iko kwenye damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi na bado vikaambukiza. Tone lililokauka kwenye ukingo wa kikombe, jicho halilioni, linatosha. Wembe wa hijama lazima uwe mpya, ufunguliwe mbele ya mgonjwa, na utupwe ndani ya chombo cha ncha kali. Kikombe cha damu kitumike kwa mtu mmoja kisha kitupwe. Mikono ivae glavu. Kusuuza kwa maji ya moto na sabuni si usafi wa kutosha kwa chombo kilichoshika damu. Mwenye upungufu wa damu, mwenye selimundu, mjamzito, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wasikubali kuchanjwa. Mwenye kisukari ambaye miguu imeshaanza kufa ganzi asiwekewe kikombe cha moto, maana ataungua asijue. Hijama kavu ina hatari ndogo zaidi, malengelenge na vilio la damu, lakini nayo haibandikwi juu ya kidonda, juu ya mshipa uliovimba wala penye uvimbe usioeleweka. Na kwa kumpunguzia mtu maumivu ya kawaida ya misuli, hakuna sababu ya fiziotherapia inayolazimisha wembe. Kikombe kikavu kinatosha kwa kazi ile niliyoieleza.

Kuna hatari nyingine inayotisha kimyakimya: kikombe kinaweza kuchelewesha. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu. Kinaingia hadi kwenye pingili za mgongo na kuzila polepole, na mwanzo wake ni maumivu ya mgongo kama ya mtu yeyote. Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu bado kipo, maumivu ya mgongo yanayofuatana na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda hayapaswi kukutana na kikombe kabla ya kukutana na daktari. Vivyo hivyo maumivu yanayozidi usiku kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, au yaliyoanza baada ya kuanguka. Na mtu ambaye miguu inaishiwa nguvu, anayehisi ganzi sehemu za siri, au ambaye mkojo na choo vimeanza kumtoka au kumkwama, huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu neva zilizobanwa zinaweza kufa zisirudi tena. Muumishi mwema ni yule anayejua kusema, hili si langu.

Watu husema wataalamu wa fiziotherapia ni wachache na wako mbali, ilhali muumishi yuko mtaani na bei yake inajulikana. Ni kweli, na ndiyo sababu kuu ya mimi kutotaka vita kati yao. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, na baraza lake la kuwasajili watoa huduma. Kenya ina sheria ya mwaka 2014 iliyounda baraza la wataalamu wa fiziotherapia. Vyombo viko. Muumishi aliyesajiliwa, anayefundishwa dalili tano sita za hatari na mazoezi manne ya kiuno na shingo, angewafikia watu ambao kliniki haitawafikia kwa miaka mingi. Mazoezi hayo hayahitaji mashine. Yanahitaji mkeka, ukuta na mtu wa kuonyesha mara ya kwanza.

Basi, msikilizaji, ukienda kuumikwa wiki hii, iwe kwa muumishi au kwa mtaalamu wa viungo, mwambie maradhi yako yote na dawa unazotumia kabla hajagusa mgongo wako. Ukiona wembe haukufunguliwa mbele yako, inuka uondoke. Na kikombe cha mwisho kikishabanduliwa, usivae shati kwanza. Muulize: sasa nifanye zoezi gani, mara ngapi kwa siku, na nirudi lini uone kama nimeweza? Akikosa jibu, mtafute mwingine mwenye jibu.